Maswali Yenu: Buti, Sabuni na Chujio

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nachonga, nachora, na siku hizi naigiza. Chuoni wananitaka nishike fani moja. Msanii Mona Hatoum, mzaliwa wa Beirut, Lebanon, hakushika moja. Amewezaje bila kuyumba? Na kule kutembea na buti barabarani, ni sanaa gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na buti, maana ndizo zilizonifungua macho. Mwaka 1985, mtaani Brixton, London, Mona alitembea peku karibu saa nzima, buti nyeusi za Dr. Martens akiziburuta nyuma, kamba zake zimefungwa kwenye vifundo vya miguu. Polisi walivaa buti za aina hiyo, na vijana wabaguzi nao pia; na Brixton ilikuwa imeshuhudia ghasia na polisi mwaka 1981. Itazame picha yake taratibu: kisigino kitupu, kisha buti tupu. Hazina mguu ndani, lakini zinamfuata.

Wazazi wake ni Wapalestina. Mwaka 1975 alikuwa London kwa matembezi mafupi tu, vita vikalipuka Lebanon, akashindwa kurudi. Miaka ya 1980 chombo chake kikubwa kilikuwa mwili wake mwenyewe. Sanamu kubwa zilikuja baadaye.

Sasa sabuni. Mwaka 1996, Yerusalemu, alipanga sakafuni vipande zaidi ya 2,000 vya sabuni ya Nablus, mji wa Wapalestina, ile ya mafuta ya zeituni, akadidimiza humo shanga ndogo nyekundu za kioo. Shanga zilifuata ramani ya makubaliano ya Oslo, yale ya Israeli na Wapalestina: maeneo ya kukabidhiwa Wapalestina, yametawanyika kama visiwa. Wengi huita kazi hiyo uchongaji. Mimi nasema ni mchoro, tena mchoro hasa, na mpaka umechorwa juu ya kitu kinachoyeyuka kikiguswa na maji.

Hata alipoishika karatasi hakutoka jikoni. Alitandaza karatasi ya nta juu ya chujio, akaisugua mpaka matundu yakajitokeza moja moja.

Ndiyo maana hayumbi. Fani zinabadilika, lakini kila mara anaanza na kitu ambacho ngozi yako inakijua kabla hujafikiri: kiatu, sabuni, chujio. Fani huja baadaye, kitu chenyewe kikishadai.

Kwa hiyo swali la chuoni liweke kando kwanza. Niandikie tena, uniambie ni kitu gani nyumbani kwenu ambacho ukikishika mkono unasita.