Jibu: Osmosisi haiwaingii wanafunzi wa mwaloni

Pole na kazi, mwalimu. Nimekuelewa: kidato cha pili, shule ya mwaloni (pale mitumbwi inaposhushia samaki) upande wa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, wanakariri maana ya osmosisi (maji kupenya utando wa seli kwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi) kama kasuku, swali likigeuzwa kidogo tu wanakwama.

Anza na samaki, kitabu kifuate. Nunua sato mmoja mbichi, mpasue, msugue chumvi ya kutosha, mlaze kwenye sahani iliyoinama. Kabla kipindi hakijaisha maji yatakuwa yamejikusanya upande wa chini. Waulize yametoka wapi. Watoto wa wavuvi wanajua kukausha samaki kuliko wewe (na kuliko mimi), kwa hiyo waache wabishane kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza cha mtihani kije baadaye, lakini kije, maana NECTA (Baraza la Mitihani) haisahihishi ubishi. Hela ya samaki ikikosekana, vipande vya kiazi mviringo kwenye maji ya chumvi vinalegea vilevile.

Ukifika ikolojia, gugumaji hilo hapo: mbolea na majitaka yanayoingia ziwani ndiyo yanayolinenepesha. Sangara naye alipandikizwa ziwani miaka ya 1950. Waulize wazee wao samaki gani wamepotea tangu hapo.

Tahadhari: usiwaingize majini kuokota konokono, kichocho kipo. Mwanafunzi akikwambia anakojoa damu, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Na mkijadili uvuvi haramu, usimuulize yeyote mbele ya wenzake baba yake anatumia nyavu gani. Wengine wanasomeshwa na kokoro, wavu wa kukokota uliopigwa marufuku.