Kufunga vyuma vya mlango wa gereji wa paneli: ushauri kwa fundi anayeanza

Fundi mgeni akifungua boksi la vyuma, jicho lake huenda kwanza kwenye springi. Ni kweli ndiyo yenye hatari. Lakini mlango unaopanda upande, unaogonga au kukwama katikati, mara nyingi kosa lake limeanzia kwenye paneli ya chini, muda mrefu kabla springi haijaguswa. Springi kazi yake ni kubeba uzito. Haisawazishi paneli iliyolala upande wala hainyooshi reli iliyopinda.

Kabla ya kutoboa popote, pima nafasi. Juu ya uwazi wa mlango unahitaji kama sentimita 30 kwa reli ya kawaida yenye springi ya shafti (inayosokotwa kuzunguka shafti iliyolazwa juu ya mlango), na kipimo kiishie kwenye kikwazo cha chini kabisa, iwe ni boriti, bomba au taa. Kila upande acha kama sentimita 10. Kwenda nyuma, kina cha gereji kiwe urefu wa mlango na sentimita 45 za ziada, au zaidi kama kutakuwa na mota. Angalia pia pale katikati juu ya uwazi, ambapo breketi ya springi itakaa. Nguvu yote ya springi inashikiliwa hapo, kwa hiyo panahitaji ubao mzito uliokazwa kwenye muundo wenyewe wa jengo. Lipu haishiki kitu. Tofali lenye uwazi ndani nalo huachia bolti ya kutanuka siku usiyoitarajia.

Sasa paneli ya chini. Ikiwa bado iko sakafuni, ivalishe mpira wa chini na breketi zake mbili za pembeni, unase kitanzi cha kebo kwenye pini ya kila breketi, kisha ingiza roli, yaani gurudumu dogo linalotembea ndani ya reli. Mpangilio huo una sababu: katika breketi nyingi, roli ikishaingia huzuia kitanzi kisitoke. Simamisha paneli katikati ya uwazi na uweke pimamaji juu ya ukingo wake. Sakafu ikiwa na mteremko, inua upande wa chini kwa kabari mpaka paneli ilale sawa. Usiifuate sakafu. Kebo mbili zina urefu mmoja na reli mbili zinasimama wima, kwa hiyo paneli iliyoinama milimita 10 tu itakufuata mpaka juu: pengo kubwa upande huu, roli inayobana upande ule, na kebo moja iliyolegea. Uwazi mdogo unaobaki chini utazibwa na mpira. Ukiwa mkubwa kuliko uwezo wa mpira, rekebisha sakafu.

Bawaba ndizo zinazowachanganya wengi, kwa kuwa zote zinafanana mpaka usome namba iliyogongwa kwenye chuma. Bawaba za katikati ya paneli kwa kawaida ni namba 1 zote. Za pembeni, zinazobeba roli, hupanda kwa namba: kiungo cha kwanza kutoka chini, pale paneli mbili zinapokutana, ni 1, cha pili 2, cha tatu 3. Namba ikikua, tundu la roli linakaa mbali zaidi na uso wa mlango. Reli ya wima nayo haiendi sambamba na ukuta. Breketi zake za chini ni fupi na za juu ni ndefu, hivyo reli inajitenga na fremu kidogo kidogo inavyopanda. Hivi viwili vinafanya kazi pamoja: mlango ukishuka unabanwa kwenye fremu, ukianza kupanda unaachia bila kukwaruza. Weka 3 mahali pa 1 na mlango utabana hapo chini. Weka 1 mahali pa 3 na utaona mwanga wa nje kwenye kiungo cha juu. Mlango wa paneli nne una roli 10: mbili chini, mbili kwa kila kiungo, mbili juu. Ikibaki moja mkononi, kuna mahali umeruka.

Skrubu za bawaba huingia kwenye bati jembamba. Punguza nguvu ya drili, malizia kwa mkono ukihisi inashika. Ikizunguka bila kukaza, uzi umekwisha kulika. Tumia skrubu nene zaidi ya ile. Kila paneli ifungwe bawaba kwenye ukingo wake wa juu kabla haijapandishwa, kisha paneli inayofuata ikae juu yake na ikazwe. Wakati wa kupanga, msumari uliopigwa kwenye fremu na kukunjwa juu ya ukingo wa paneli huizuia isianguke ndani.

Reli ya wima iache nafasi ya milimita 12 hadi 16 kati yake na ukingo wa mlango, sawa kutoka chini hadi juu. Bolti za reli zina vichwa laini vya mviringo: kichwa kikae ndani ya reli, nati nje. Ukigeuza, roli itagonga nati kila inapopita, na watu watalaumu roli. Pale reli ya wima inapokutana na mkunjo, kipande kinachoipeleka kwenye reli ya juu, pitisha kidole. Ukihisi ngazi, hata ndogo kama unene wa kucha, legeza na upange upya. Reli mbili za juu ziwe sambamba. Pima pembe kwa pembe, kutoka mwanzo wa reli moja hadi mwisho wa nyingine, kisha kinyume chake; vipimo vikitofautiana, mlango utavutwa upande mmoja. Nyuma ya reli shikilia kwa chuma cha pembe chenye matundu, na uongeze kipande cha mshazari ili reli isiyumbe. Mlango usiinuliwe hata kidogo kabla ya vishikizo hivi vya nyuma kukamilika. Reli zikitanuka, paneli zote zinamwangukia aliye chini.

Kebo ipite kati ya roli na ukuta, moja kwa moja hadi kwenye puli yake iliyo juu, ile inayokunja kebo kwenye ncha ya shafti. Tazama kila roli kabla ya kuendelea, maana kebo iliyokaa upande usio wake hukwaruzwa polepole hadi ikatike.

Springi zikiwa mbili, moja imesukwa kulia na nyingine kushoto. Ukitazama kutoka ndani ya gereji, iliyosukwa kulia inakaa kushoto mwa breketi ya kati, na iliyosukwa kushoto inakaa kulia. Rangi za koni (kichwa cha chuma kwenye ncha ya springi, chenye matundu ya kusokotea) zinasaidia lakini usiziamini peke yake. Kaza puli ya kwanza ikiwa imegusa beringi, shika shafti kwa koleo la kujifunga lililoegemea ukutani ili mvuto usipotee, ndipo ukaze ya pili. Kebo zote mbili zitoe mvuto sawa ukizigusa kwa kidole. Isipokuwa hivyo, rudia sasa, kwa kuwa baada ya kusokota itakubidi ufungue kila kitu.

Kabla ya kusokota, bana reli juu kidogo ya roli, pande zote mbili, mlango usije ukaruka. Tumia fimbo mbili za chuma kigumu zinazojaa tundu la koni, urefu kama sentimita 45. Bisibisi hairuhusiwi hapa, hata ikionekana nene. Simama pembeni ya fimbo, kichwa nje ya njia yake, ngazi isiyoyumba. Fimbo moja haitoki kabla ya nyingine kufika mwisho wa tundu lake. Sukuma kwenda juu, robo mzunguko kwa robo. Kwa mlango wa mita 2.1 wenye puli za kawaida anza na robo 30, yaani mizunguko saba na nusu. Kwa mita 2.4 anza na robo 34. Karatasi ya mtengenezaji ikisema tofauti, ifuate hiyo. Mstari wa rangi uliochorwa kwenye springi ukiwa umetulia hugeuka nyoka unaozunguka, na kila mzunguko wake ni mmoja wako, kwa hiyo ukisahau hesabu, isome hapo.

Springi ikisokotwa vizuri hurefuka na kuwa nyembamba. Ikinenepa au ikianza kujifungua kwenye koni, imewekwa upande usio wake. Simama hapo hapo na uirudishe. Ukimaliza, sogeza koni milimita 6 hadi 12 kutoka katikati ili mizunguko isisuguane, ndipo ukaze skrubu zake: zikigusa shafti, ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko. Zaidi ya hapo utabonyeza shafti yenye uwazi ndani. Kuanzia sasa, breketi za chini hazifunguliwi kwa sababu yoyote mpaka springi iachiwe.

Toa vibano, inua mlango kwa mkono hadi kiunoni, uachie taratibu. Ukishuka, ongeza robo kwa kila springi; ukipanda, punguza robo kwa kila springi, kamwe si kwa moja. Paka mafuta mepesi kwenye bawaba, beringi na springi. Reli ifutwe tu, kwa kuwa grisi ndani yake hukusanya vumbi hadi roli zikaburuzika. Mota ifungwe baada ya mlango kutulia wenyewe kiunoni, paneli ya juu ikiwa na chuma cha kuimarisha mahali mkono wa mota unaposhika. Kufuli ya mkono iondolewe, au ikazwe ikiwa wazi. Mota ikivuta mlango uliofungwa, paneli ya juu ndiyo inayokunjika.