Nacheza mpira, kuna haja gani ya kufanya miguu?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 24 na nanyanyua vyuma siku nne kwa wiki: kifua, mabega na mikono. Miguu siigusi kwa sababu nacheza mpira mara mbili kwa wiki na kukimbia kidogo. Sasa kifua kimejaa lakini miguu imebaki myembamba, na bega la kulia linauma kwa mbele nikisukuma chuma benchini. Jamaa mmoja wa jimu ananiambia kuna sindano ya kujaza vigimbi. Nigawanyeje mazoezi ya juu na ya chini?

JIBU: Marahaba. Nianze na huo mpira, maana hoja hiyo naletewa karibu kila siku na imenichosha.

Mpira unaitumikisha miguu, hilo silibishi. Unajenga pumzi na wepesi. Lakini msuli haujai kwa kutumika mara nyingi. Unajaa kwa kubebeshwa mzigo unaokaribia kuushinda, kisha mzigo ukaongezwa kadiri unavyouzoea. Ukikimbia unabeba uzito wako uleule, wiki hii na wiki ijayo. Maelfu ya hatua nyepesi yanaufundisha msuli kustahimili, basi. Mkono wako unashika simu kutwa nzima, mbona hujasema hilo linatosha kwa mazoezi ya mikono?

Tena kama mpira ungetosha, wachezaji wa kulipwa wasingekanyaga jimu. Wanaingia, na sababu mojawapo ni misuli ya nyuma ya paja, inayochanika sana mtu anapokimbia kwa kasi. Kuna zoezi linaloitwa Nordic: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajishusha mbele polepole bila kukunja nyonga mpaka ushindwe kujizuia, mikono ikupokee. Tafiti kwa wachezaji zimeonyesha kwamba linapunguza majeraha ya msuli huo kwa takriban nusu. Anayejiona ana miguu ya mpira ajaribu zoezi hilo leo, kisha aniambie alifika wapi kabla ya kuanguka.

Mgawanyo wenyewe si mgumu. Siku zako nne zigeuze mbili za juu na mbili za chini, na siku nzito ya miguu isiangukie mkesha wa mechi. Kila siku ya chini iwe na skwati au zoezi jingine la kukunja goti, zoezi la nyonga, la mguu mmoja mmoja, kisha vigimbi. Zoezi la nyonga ndilo linaloharibiwa zaidi: magoti yalegee kidogo, makalio yarudi nyuma, chuma kiteremke kikigusa mapaja, mgongo ubaki umenyooka. Ukisikia kiuno kinavuta kuliko nyuma ya paja, punguza uzito. Lenga seti kama 10 kwa wiki kwa kila kundi kubwa la misuli (seti ni mfululizo mmoja wa kurudia zoezi kabla ya kupumzika), na hesabu zile tu ulizomaliza ukiwa umebakiza nguvu ya kurudia mara moja hadi tatu tu. Kwenye mazoezi mazito pumzika dakika mbili au tatu kati ya seti. Usihangaike kulinganisha kilo za benchi na za skwati. Miguu ikizoea itabeba zaidi, ndiyo maumbile yake.

Kuhusu bega, sikuoni kwa hiyo sikupimi. Ila katika orodha yako sijaona hata zoezi moja la kuvuta. Punguza kusukuma, na kila seti ya kusukuma iwe na ya kuvuta. Likiuma hata usiku, au mkono ukikosa nguvu ya kuinuka, muone daktari.

Sasa hiyo sindano. Nyingi zinazouzwa kwa ahadi ya kujaza sehemu moja ya mwili ni mafuta. Mafuta hayakunji goti wala hayapigi mpira. Yanakaa ndani ya msuli, na yanaweza kuleta majipu, makovu, hata kuua nyama ya sehemu hiyo mpaka ikatwe. Nyingine ni homoni, ambazo huufanya mwili uache kutengeneza homoni zake, hushusha mbegu za kiume na kuumiza moyo. Anayekuuzia hatakuwepo hayo yakianza. Na kama kuna mwenzako ameshachomwa, na mahali hapo pamevimba, pana joto au pamekuwa pekundu, aende hospitali siku hiyohiyo bila kupakandakanda, na amwambie daktari alichochomwa hata kama muuzaji alimkataza.