Kilimanjaro Baada ya Masika: Theluji Juu, Tope Chini

SWALI: Shikamooni wataalamu. Tuko wanne hapa Nyegezi, Mwanza, tunataka kupanda Kilimanjaro mwanzoni mwa Juni kwa njia ya Marangu. Tumeambiwa wakati huo theluji ya masika bado inayeyuka. Njia inapitika?

JIBU: Marahaba. Inapitika, ila kitakachowachosha kwanza ni tope. Kutoka geti la Marangu hadi Mandara, kituo cha kwanza cha kulala, ni msitu. Jua haliingii vizuri na utelezi hauishi upesi. Piteni katikati ya tope, msikwepe pembeni, maana ukingo ndio unaobomoka. Viatu vifunike kifundo cha mguu na soli iwe na meno makubwa.

Jinzi ziacheni nyumbani. Pamba ikilowa kule haikauki, na usiku wa Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, ni baridi ya kugandisha maji kwenye chupa. Makoti mtayapata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, lakini msinunue kwa macho: mwagieni maji kidogo begani. Yakizama badala ya kutiririka, rudisheni koti kwenye rundo.

Theluji ina saa zake. Usiku huganda, jua likiipiga hulainika na mguu unazama. Ndiyo maana watu huondoka Kibo, takriban mita 4,700, karibu saa 6 usiku. Hata changarawe ya pale, ikishikwa na baridi, haiporomoki sana; mchana unapanda hatua mbili, inakurudisha moja.

Kwenye theluji ngumu, piga ncha ya kiatu mpaka ishike, ndipo uhamishe uzito. Kushuka, tanguliza kisigino na kunja magoti kidogo. Wengi huanguka wakishuka kwa kuwa woga unawafanya waegemee nyuma, kisigino kinakosa uzito na kiatu kinateleza. Ukiona jiwe jeusi limechomoza, usikanyage ukingoni mwake: jiwe hupata joto la jua, huyeyusha theluji kwa chini, na juu hubaki utando tu unaoficha shimo. Pita mbali nalo hatua mbili. Barafu ikiwa kama kioo, mtahitaji meno ya chuma ya kufunga viatuni. Mwulizeni mwongozaji wenu mapema. Bila mwongozaji mwenye leseni hampandi.

Miwani ya jua si urembo. Theluji hurudisha mwanga machoni, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ukiwa umeshasahau.

Mazoezi mnayo mlangoni: vilima vya mawe. Pandeni na begi la kilo 8, na mkazanie kushuka. Lakini Mwanza iko kwenye mita 1,140 hivi, kwa hiyo mtajenga magoti tu. Mapafu hayatazoea hewa nyepesi. Kwa hilo, laleni Horombo, kituo kilicho kati ya Mandara na Kibo, usiku 2 kabla ya kwenda Kibo. Hapo msibane pesa.

SWALI: Kwa nini njia ya Western Breach, ile ya kupandia Kilimanjaro upande wa magharibi, inaogopwa kuliko nyingine? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Kwa sababu pale barafu ndiyo gundi ya mawe. Ikilegea, mawe yanaachia bila taarifa, na njia iko chini yake. Januari 2006 yaliua wapandaji 3 kutoka Marekani. Anayeng'ang'ania kuipita avae helmeti, aondoke usiku, na asipumzike chini ya ukuta.