Usibandike matokeo mlangoni! (kwa anayekwenda kufundisha Kiswahili Marekani)

Mdogo wangu unayeuliza humu ubebe nini ukienda kufundisha Marekani, makoti weka kando, wewe ni mtu wa Makete, baridi unaijua. Nimekwama pale uliposema ukifika chuoni utawabandikia wanafunzi mkeka wenye majina, alama na nafasi kila baada ya jaribio "ili wachangamke kama vijana wetu". Usithubutu.

Mimi nilibandika, nilipofundisha hukohuko Marekani. Jaribio la ngeli. Nikaipanga orodha kwenye Excel, wa kwanza juu, wa mwisho chini, waliofeli nikawapigia mstari kwa wino mwekundu, nikaibandika kwa selotepu mlangoni mwa darasa, nikaenda zangu kula nikijiona mwalimu wa maana. Si ndivyo nilivyosomeshwa, na ndivyo nilivyofundisha Uyole, Mbeya? Jioni haijafika, mkuu wa idara kaja mwenyewe kuibandua. Kimya. Anakwangua mabaki ya selotepu kwa ukucha. Mkuu wa shule wa kwetu angenifokea mbele ya walimu wote, kesho yake tunakunywa chai pamoja. Huyu katabasamu, kaniambia tutawasiliana kwa barua pepe, nami nikadhani yameisha!

Barua pepe ikaja, nakala kwa watu nisiowajua hata sura. Kumbe wana sheria inaitwa FERPA, ya mwaka 1974. Chuo kinachopokea fedha za Wizara yao ya Elimu hakiruhusiwi kuanika alama za mwanafunzi bila idhini yake ya maandishi. Kijana aliyeshika mkia, ambaye ndiye aliyekuwa akiniamkia shikamoo kuliko wote, akaacha somo. Darasa la kiangazi nililoahidiwa likapewa mwingine. Hela ile ndiyo ningemalizia kuezeka, na mvua za Mbeya mnazijua. Sasa hivi mimi ni bingwa wa kupanga ndoo sebuleni.

Na yule Mtanzania mwenzetu aliyenipokea! Nilimuuliza kabisa mambo ya kazini yakoje, akanijibu kwa kujiamini, "Chuo ni chuo tu, fundisha kama nyumbani." Baadaye ndipo najua hajawahi kushika chaki, anauza magari. Semina elekezi nayo siku nzima ni benki, bima na namna ya kupanda basi. Sheria yenyewe ikapita kwenye slaidi moja, wakati macho ya watu yako kwenye pizza.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau pasipoti: alama ni yako na mwanafunzi mwenyewe, basi. Usiisome kwa sauti. Usibandike hata kwa namba ya usajili. Usiache rundo la karatasi zilizosahihishwa mezani kila mtu achambue yake. Mzazi akipiga simu kuuliza maendeleo ya mwanawe, hata kama ndiye anayelipa ada, mwelekeze ofisi ya msajili. Utajiona huna adabu kumjibu mtu mzima hivyo, vumilia.

Na huyo mchangiaji mwingine aliyekushauri humu ubandike kwa kuwa ushindani unajenga, NECTA wenyewe, Baraza letu la Mitihani, mwaka 2023 waliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Yeye anampelekea nani huo mkeka?

Ukifika, kabla hujagusa kalamu nyekundu, mwombe mratibu akuonyeshe mfumo wa chuo wa kuingizia alama, ule ambao kila mwanafunzi akifungua anaziona zake peke yake. Na lile faili la Excel ulilosema umeshaliandaa, lifute leo.