Jibu: Kwa aliyepata kazi ya jikoni kwa Wayahudi wa Syria, Brooklyn

Mkuu, umeuliza kama mtu anayejua pilau na biriani anaweza kuwapikia Wayahudi wa Syria, na siku ya kwanza aende na zawadi gani. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye jiko la familia yenye asili ya Aleppo (wao husema Halab) huko huko Brooklyn, New York, upande wa barabara ya Ocean Parkway, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Anza na suala la moto, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosana na wenye nyumba. Kama wewe si Myahudi, usibandike sufuria mwenyewe. Kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya, Myahudi akishawasha moto inatosha, wewe unaendelea. Hawa wa Syria wanafuata msimamo mkali zaidi: Myahudi ndiye abandike. Utakata, utakanda, utajaza nyama kwenye mboga, kisha unamwita mama mwenye nyumba. Usione kama anakudharau, ni dini yao.

Nyama na maziwa havikutani kabisa, hata vyombo vyake ni mbalimbali, na mtu akila nyama anasubiri muda wa saa sita ndipo aguse jibini. Kwa hiyo sahau samli kwenye wali wa nyama, wao ni mafuta tu. Alhamisi usiku kwa kawaida hakuna nyama: ni mujaddara, yaani wali na adesi wenye vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawa, na mtindi pembeni. Nyama inangoja Ijumaa.

Sasa pilau. Itakusaidia kidogo, hasa kwenye kuivisha wali ukachambuka. Wali wao unaanza kwa kukaanga tambi kwenye mafuta, ndipo mchele unaingia. Na ukoko wa chini usiutupe! Wajukuu wanaugombania. Ila ladha yenyewe ya watu wa Halab iko kwenye ukwaju. Majirani zao Waislamu na Wakristo kule Syria wakitaka uchachu huchukua zaidi rojo la komamanga. Wayahudi wameshikilia ukwaju, bidhaa ya India iliyofika Halab na misafara ya biashara. Wanauloweka, wanaukamua, wanauchuja, halafu wanauchemsha na sukari na maji ya limau hadi uwe mzito kama asali. Bibi wa nyumba ile alikuwa akipika mwingi kwa mkupuo na kujaza machupa, na ule wa dukani aliuita maji ya rangi. Unaingia kwenye lahmajin, vile vimkate vidogo vya nyama ya kusaga. Kwenye bazargan, saladi ya bulgur (ngano iliyochemshwa, ikaanikwa, ikapondwa). Na kwenye mboga zilizojazwa nyama na mchele. Sisi tuliozoea ukwaju wa juisi na wa urojo tunaingia hapo bila kufundishwa sana.

Viungo ni vichache kuliko vyetu. Iliki na bizari ya pilau zisikutangulie. Mdalasini unatumika, na ile mbegu ya duara yenye harufu ya karafuu ambayo wao wanaiita bahar.

Jaribio lako kubwa litakuwa kibbeh. Unatengeneza ganda la bulgur na nyama, unalitoboa kwa kidole cha shahada, unazungusha mpaka ukuta uwe mwembamba, unajaza nyama ya kukaanga na kufunga ncha zote mbili. Likiwa nene, wanawake wazee watakucheka mbele yako. Anza na zile za mviringo za kwenye mchuzi wa limau, zinasamehe.

Ijumaa kila kitu kiwe kimeiva kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato hapapikwi. Mayai wanayabandika mapema na kuyaacha kwenye moto mdogo usiku kucha, asubuhi yametoka ya kahawia hadi ndani.

Mwaka mpya wao, Rosh Hashana, unaangukia Septemba au Oktoba. Mezani utakuta kunde, boga, tende na komamanga, kila kimoja na dua yake. Pasaka je? Wenzao wenye asili ya Ulaya wengi hawagusi mchele siku hizo. Hawa wanakula, lakini lazima uchambuliwe mara tatu, punje kwa punje, isije ikabaki hata chembe ya ngano. Kazi ya meza nzima, wakwe na mashangazi, na umbea wote wa ukoo unasikika hapo. Mimi nilikuwa naisubiri kwa hamu kuliko sikukuu yenyewe.

Zawadi: usipeleke chakula ulichopika kwako, hata kiwe kitamu vipi, hawatakula na utawaweka pabaya. Divai nayo achana nayo, ina masharti yake. Peleka matunda mazima ambayo hayajakatwa. Ukipata ukwaju ungali kwenye maganda yake, beba huo, na umkabidhi bibi mwenyewe.