Gari la matengenezo ya barabara linasamehewa nini, na kwa muda gani?

Kwa miaka saba nimesimamia vikosi vya matengenezo ya barabara jijini Dar es Salaam, vingi vikiwa vya wakandarasi wadogo wanaoziba mashimo, kuzibua mifereji na kuzoa tope baada ya mvua. Ushauri huu unawahusu madereva wa greda, vijiko (mitambo ya kuchimba na kuzoa) na malori ya kazi hizo, pamoja na wale wanaowatuma kazini.

Msimu mmoja wa masika, bonde la Msimbazi pale Jangwani lilijaa tope, nasi tukapewa barua ya kuingiza malori kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi usiku, ili tope lizolewe kabla ya safari za asubuhi. Usiku wa tatu lori moja liliharibika, mwajiri wetu akaleta jingine. Dereva wake, mzee aliyekuwa na uzoefu mkubwa kuliko sisi sote, alimaliza kazi vizuri, lakini wakati wa kurudi, jua likiwa limeshachomoza, aliendelea kuifuata njia ile ile ya mabasi kuelekea kituo cha Fire. Trafiki akamsimamisha. "Afande, sisi ni watu wa barabara," mzee alisema, akamkabidhi barua iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Trafiki aliisoma taratibu hadi mwisho, kisha akaweka kidole kwenye namba ya usajili, ambayo ilikuwa ya lile lori bovu. Akakishusha hadi kwenye muda: saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri. Faini ililipwa na mzee mwenyewe, kwa kuwa mwajiri alikataa kuhusika, na jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu mtu aliyepaswa kuhakikisha barua imebadilishwa nilikuwa mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaeleza madereva kwamba nafuu ya kisheria hutolewa kwa ajili ya kazi fulani, mahali fulani, kwa saa zilizotajwa. Lori likishamwaga tope na kuanza safari ya kurudi kambini, ni lori kama malori mengine. Kimulimuli cha njano kinawaonya wenzako kwamba kuna kazi mbele. Hakikupi haki ya kupita taa nyekundu, wala ya kuvuka kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Vivyo hivyo kuhusu leseni: mtu mwenye leseni ya gari dogo hawezi kuendesha greda kutoka kambini hadi eneo la kazi kwa hoja kwamba ni mwendo wa dakika tano tu.

Mitambo inapobebwa kwa lobedi, yaani tela la chini la kubebea mitambo mizito, uangalifu uongezeke. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila gari linalozidi tani 3.5 linatakiwa kupita mizani. Mzigo usio wa kawaida unahitaji kibali maalumu, na kibali hicho kiombwe kabla ya safari, kwa sababu kufika mizani na maelezo ya mdomo ni kujitafutia hasara.

Suala la saa za kazi ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa hapo nafuu hutumika kumuumiza dereva. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, na saa 12 zikijumlishwa na za ziada. Inalegeza vikomo hivyo kwa kazi ya dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida. Kalavati likisombwa na maji usiku, hiyo ni dharura. Kuziba mashimo yaliyopangwa tangu mwezi uliopita si dharura, hata mkandarasi awe amechelewa kiasi gani. Nchini Uingereza pia, dereva wa gari la matengenezo ya barabara anaweza kuondolewa kwenye kanuni za saa za kuendesha zenye asili ya Umoja wa Ulaya, lakini hapo hapo huingia chini ya kanuni za ndani za nchi hiyo, zenye kikomo cha saa 10 za kuendesha kwa siku. Dereva anayeambiwa kwamba sheria haimhusu aulize ni kifungu gani kinachosema hivyo, na ni sheria ipi inayobaki.

Siku hizi, kila zamu inapoanza, ninasimama mbele ya lori nikiwa na tochi, dereva ananisomea barua kwa sauti, nami nalinganisha namba ya usajili, tarehe, saa na jina la barabara. Namba ikitofautiana, lori halitoki kambini, hata kama fomeni anapiga simu kila baada ya dakika mbili.